Wewe Pia Ulinyonya Chupa

Mwanangu mpendwa,

Tangu mlipoondoka juzi sijapata usingizi wa maana. Ulipomwambia wifi yako mbele ya watu kwamba maziwa ya kopo ni ya ndama na mwanawe si ndama, nilikuwa namtazama usoni. Hakukujibu. Alimaliza kumlisha mtoto, akafunika chupa, akasema amechoka, akaaga. Wewe ukadhani amenuna. Mimi ule ukimya naujua, maana uliwahi kuwa wangu.

Kuna jambo sijakuambia miaka yote hii. Ulizaliwa mwaka 1989, na ulipotimiza wiki sita ulikuwa unanyonya chupa.

Sikupanga iwe hivyo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, uliipata yote, na wiki ya kwanza ulinyonya vizuri mpaka nikajiona hodari. Kisha chuchu zikapasuka. Ziwa la kushoto likavimba, likawa jipu, nikapasuliwa. Nilikuwa na homa, ukilia nami nalia, na kila ulipopimwa uzito ulikuwa umeshuka. Siku hizi najua kwamba mara nyingi mama mwenye jipu husaidiwa aendelee kunyonyesha, au akamue. Wakati ule hakuna aliyeniambia. Nesi alinishika bega akasema, "Mama, mtoto lazima ale," akanionyesha mara moja, haraka haraka, namna ya kukoroga maziwa ya kopo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshika nusu ya maelezo.

Kopo nililificha kabatini, nyuma ya nguo. Wageni wakija nilikuchukua chumbani na kufunga mlango, wakadhani nakunyonyesha. Nilikuwa nimeshasikia wanavyomsema mwanamke mwingine, kwamba ni mvivu, kwamba anatunza umbo lake, na nikaapa hawatanisema mimi. Basi chupa zako nilizitayarisha alfajiri kabla watu hawajaamka, zote za siku kwa mpigo mmoja, nikazifunika kwa kitambaa mpaka utakapozihitaji. Kopo likikaribia kuisha, kwa kuona aibu kumwambia baba yako kwamba tunahitaji jingine tena, nilipunguza vijiko nikaongeza maji.

Ukaharisha siku tatu. Siku ya tatu utosi ulikuwa umebonyea na ulilia bila machozi. Tulikukimbiza hospitali. Daktari akaniuliza natayarishaje maziwa, nikamdanganya. Akauliza tena, taratibu, bila kunikaripia. Nikamwambia kweli yote.

Alichonieleza siku ile, na mengine niliyojifunza baadaye, ndiyo ningependa kila mama mwenye kopo mezani ayasikie mapema. Maziwa ya unga hayana uhakika wa kuwa hayana vijidudu, hata kopo likiwa jipya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa, yangali na moto usiopungua nyuzi 70, halafu chupa ipozwe kwa maji baridi kabla ya kumpa mtoto. Yakishakorogwa, yasikae nje zaidi ya saa mbili. Yaliyobaki yamwagwe hata kama roho inauma. Na vipimo havibahatishwi: ukizidisha maji, mtoto anashiba tumbo huku mwili una njaa, ukizidisha unga, unamlemea. Mambo haya si magumu. Mtu akiyaelezwa mara moja kwa utulivu, anayaweza. Lakini mimi ningemwuliza nani, na nilikuwa nimefunga mlango?

Kilichokulaza hospitali, mwanangu, ni chupa iliyotayarishwa na mama aliyeogopa kuuliza. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi juzi. Wifi yako alipoondoka niliwaza: leo usiku akiwa na swali, atampigia nani?

Usidhani nasema kwamba chupa na ziwa ni kitu kimoja. Hapana. Ushauri uko wazi: maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, miezi 6 ya kwanza, kisha chakula kingine huku ananyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Maziwa ya mama yana kinga ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuipakia kwenye kopo, na watengenezaji walitangaza bidhaa zao kwa namna iliyolazimu dunia kuweka kanuni za kuwadhibiti mwaka 1981. Kwa hiyo unavyonyonyesha mwanao nafurahi, tena sana. Ila ule ushauri uliandikwa uwasaidie akina mama. Haukuandikwa ili mmoja amchape nao mwenzake. Wako wasio na maziwa ya kutosha, wako wanaotumia dawa zisizoruhusu, wako waliorudi kazini mapema, na wako walioamua tu. Hao wa mwisho pia hawadaiwi maelezo na wewe mezani.

Unaweza kuniuliza, basi kila mtu afanye apendavyo? Si kila jambo. Wewe mwenyewe nilikulaza kifudifudi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa, kwamba ukicheua hutapaliwa. Nilikuwa nakulinda, kwa moyo wangu wote. Baadaye ikabainika kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Niliposoma habari hizo nilikwenda kukutazama ukiwa umelala, nawe ulikuwa mtoto mkubwa tu, nikasimama mlangoni muda mrefu.

Katika mambo ya namna hii sitaki unyamaze. Mtoto alale chali, penye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito. Asilale na mtu mzima kwenye kochi hata dakika tano. Ukiwa umechoka usiku na unahisi macho yanafumba, toka kwenye kochi kabla hayajafumba. Asilambishwe asali kabla ya kutimiza mwaka, hata kidogo tu, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Ndoo yenye maji machache isiachwe sakafuni mtoto akianza kutambaa. Na kwenye gari akae kwenye kiti chake, ameangalia nyuma, haidhuru safari ni fupi kiasi gani.

Ukimwona mtu anakosea katika hayo, sema. Lakini mwite pembeni, mwambie kama unavyomwambia mtu aliyeacha jiko linawaka: haraka, bila kumhukumu. Na ukubali nawe kuambiwa. Nilimwona mwanao juzi amelala chumbani na mto chini ya kichwa, kwa sababu ulidhani unamzuia kucheua. Aliyeuondoa ni wifi yako, kabla ya chakula. Alifanya kimya kimya, wala hakumwambia mtu. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona.

Nimeandika haya kwa barua kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia nikashindwa kusema habari ya kabati. Usinionee huruma, ulipona, ukanenepa, ukawa mtoto asiyeshikika. Ninachokuomba ni umpigie wifi yako leo, kabla siku hazijawa nyingi. Mwombe radhi kwa yale uliyoyasema, kisha mwulize yeye mwenyewe anaendeleaje, analala saa ngapi, nani anamshika mtoto naye akapata kuoga. Ukitaka, mweleze kwamba wewe pia ulinyonya chupa. Nakuruhusu. Mwambie na habari ya jipu, na ya maji niliyoongeza, asije akayarudia kwa kutokujua.

Mimi nitakuja mwisho wa wiki. Nitakaa kwako siku mbili, na kwake siku mbili.

Mama yako