Fuvu la Kalenga: barua kwa mwanangu

Kamwene mwanangu,

Hapa Iringa hatujambo, baridi tu imeanza kubana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema babu yako na wazee wenzake wamedanganywa, fuvu lililoko Kalenga si la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na chuoni kila mtu anajua hivyo. Swali lako ni zuri. Jeuri yako ndiyo sijaipenda.

Mkwawa alijiua Julai 1898, Wajerumani wakamkata kichwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake kwa Waingereza. Hebu fikiri, kichwa cha mtwa wetu kilifuata nini kwenye karatasi za Wazungu waliomaliza Vita Kuu ya Kwanza? Mwingereza alikuwa ameishika nchi, alitaka Wahehe waone kwamba Mjerumani amekwisha. Mjerumani akajibu halionekani. Ikapita miaka zaidi ya thelathini mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Mafuvu yalikuwa mengi! Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ndugu zake Mkwawa. Juni 1954 Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, akakabidhiwa palepale Kalenga mbele ya umati.

Vipimo vile kweli ni ushahidi dhaifu, watu wangapi wana vichwa vinavyolingana? Mimi naona mashaka yenu yana uzito. Lakini mafuvu yale yalirundikana Ulaya kwa sababu wasomi wa enzi zile waliamini ukubwa na umbo la kichwa vinaonyesha nani bora kuliko nani. Nao walikuwa na vyuo, na wanafunzi waliotikisa vichwa kukubali. Wazee wetu walikuwa na neno la gavana, neno la chifu wao, na kiu ya miaka hamsini na sita. Siku ile, nani angenyoosha mkono aseme silo?

Wewe nawe umemwamini mhadhiri, mwenye maksi zako mkononi, na wenzako mnaokaa nao bwenini. Fuvu lenyewe hujaliona hata mara moja, na ni mwendo mfupi tu kutoka nyumbani.

Likizo ukija tutakwenda na babu. Muulize aliyoyasikia aliyasikia kwa nani, kisha umwache naye akuulize hivyohivyo. Nauli nitakutumia mwisho wa mwezi.

Mama yako