Shukrani kwa kaka wa miwani pale Mwanga

Kaka, jina lako sikuliuliza, ila shukrani zikufikie hapo Mwanga, Kigoma. Nilikuwa na laki nne na nusu, natafuta kompyuta mpakato iliyotumika kwa kazi za ofisi na masomo yangu ya Chuo Kikuu Huria. Muuzaji alishanishawishi kwa mashine inayong'aa. Wewe ulifuata chaja tu.

Ukaomba iwashwe. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, diski ya HDD, ile ya zamani ya mwendo wa taratibu, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel kizazi cha sita. Ukanieleza taratibu, bila kunidharau, kwamba Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma Oktoba 2025. Ukaulizia ile ya kijivu iliyochubuka kona: RAM 8GB, diski ya SSD yenye kasi zaidi, prosesa kizazi cha nane. Ukachomoa chaja tuipime betri, ukabonyeza kila kitufe, ukawasha kamera, ukachomeka flashi kila tundu. Hata bei uliishusha wewe (mimi kwenye kupatana ni bure kabisa), ukadai waranti iandikwe kwenye risiti.

Wenye ujuzi huu, mkimwona mtu kaduwaa dukani, msogeleeni. Huyu hata soda aliikataa, eti anawahi Ujiji.