Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: tuanze na umri wa mtoto

Habari zenu mawakili wenzangu, na wakubwa zangu shikamooni. Kama katiba yetu inavyotaka naleta taarifa ya mwaka kwa wanachama wote, mlioko Dar na mliohamia mikoani ila ada bado mnalipa, asanteni sana kwa hilo. Mambo ya fedha namwachia mhazini, atayaweka mezani kwenye mkutano mkuu na risiti zake, mimi naongelea kazi yenyewe, yaani mafunzo yetu ya kutetea watoto na vijana mahakamani na wapi naona tuweke nguvu.

Naanza na kilichonikaa kichwani mwaka mzima. Kesi nyingi za watoto zinaharibika siku ya kwanza kabisa na zinaharibikia kwenye umri. Kijana anakamatwa usiku kwenye msako, mnajua hali inavyokuwa kila zikivuma habari za panya road, yale magenge ya vijana wanaopora watu mitaani, wanasombwa wote waliokaa kijiweni, kituoni mtu anamwangalia urefu wake anaandika miaka 19, au mtoto mwenyewe kwa woga anasema 18 akidhani mkubwa ndo anapata dhamana haraka. Basi ile namba ikishaingia kwenye hati ya mashtaka inatembea nayo, anapelekwa mahakama ya watu wazima, anarudishwa mahabusu ya watu wazima Segerea au Keko wakati mahabusu ya watoto ipo hapo Upanga, na hakuna anayeuliza tena. Sasa fikirieni kosa ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Mtu mzima akitiwa hatiani sheria inaanzia miaka 30 jela. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 119, hafungwi jela kabisa. Kijana ni yule yule na kosa ni lile lile, kinachomtenganisha na miaka 30 ni namba moja iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka zake usiku. (Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria ilivyopitishwa 2009, mnaotumia Toleo la 2023 hakikisheni kwanza kabla hamjasimama mbele ya hakimu.)

Ndo maana mafunzo ya mwaka huu tuliyageuza. Zamani tulikuwa tunaanza na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, tunakuja Katiba, tunakuja sheria, mpaka chai ya saa nne watu washachoka. Mwaka huu semina ya kwanza tuliiweka yote kwenye kifungu cha 113 cha Sheria ya Mtoto kinachoitaka mahakama ichunguze umri pale mtu anapoonekana ni mtoto, na tukafanya kwa vitendo, kila mtu asimame aombe uchunguzi wa umri kwa mdomo, bila karatasi, kama vile kesi imeitwa kutajwa na hakimu ana majalada mengine kibao yanamsubiri. Wakili kijana anatakiwa aweze kulisema ombi lile kwa sentensi tatu nne na aseme ana ushahidi gani mkononi. Wengi mwanzoni walikuwa wanazunguka sana, mpaka mchana walikuwa wananyoosha vizuri na nilifurahi kwakweli.

Na ushahidi wa umri hapa mjini jamani sio cheti cha kuzaliwa peke yake. Familia nyingi hazina cheti cha RITA, ukikaa kukisubiri mtoto anaozea ndani. Kuna kesi moja mwenzetu aliishika mwaka huu, jina la mtoto silitaji na mahakama siitaji, hati ilisema miaka 19. Mama yake anauza mihogo, alipoulizwa cheti akasema hana, wakili akamuuliza kliniki ulimpeleka? Mama akarudi kesho yake na mfuko wa rambo umefungwa fundo, ndani kuna kadi ya kliniki imeiva kwa mafuta ya kupikia, kona imeliwa, ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka na mstari wa uzito umechorwa miezi yote ya mwanzo. Alikuwa na miaka 16. Kadi ile pamoja na kiapo cha mama na rejista ya shule ya msingi vikatosha, jalada likahamia mahakama ya watoto. Kwahiyo naomba hili liingie kwenye daftari zenu zote: kadi ya kliniki, rejista ya shule, cheti cha ubatizo kama kipo, kiapo cha mzazi au ndugu aliyekuwepo wakati mtoto anazaliwa, daktari awe wa mwisho maana makadirio yake yana mwanya wa miaka na upande wa pili nao wataudaka huo mwanya.

Ukija chini zaidi kuna wale wadogo kabisa. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 15 inasema aliye chini ya miaka 10 hana jinai, na aliye chini ya 12 hana pia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe alikuwa na uwezo wa kujua alichofanya hakitakiwi. Mzigo ni wa kwao. Usiubebe wewe.

Semina ya pili ilikuwa ya kuongea na mtoto na hapa nitakaa kidogo maana hata wakongwe tulijifunza. Alitusaidia afisa ustawi wa jamii mmoja mwenye uzoefu mkubwa. Alisema vua joho, kaa benchi moja na mtoto, usisimame juu yake. Muulize amekula? Halafu ongea nae bila mzazi kwanza, kwasababu kuna vitu mtoto hawezi kuvisema mbele ya mama yake hata umfanyeje, na wakati mwingine mama ndo anajibu kila swali na wewe unaondoka na maelezo ya mama. Usianze na uliiba au hukuiba, mwambie akuanzie asubuhi ya siku ile aliamkia wapi, alikuwa na nani, mpaka jioni. Na ukimweleza kitu usimuulize umeelewa, kila mtoto atasema ndio, mwambie akurudishie kwa maneno yake. Hili la mwisho ni kubwa kwenye kujibu shtaka. Watoto wengi wanasema "ni kweli" kwasababu mtu alishawaambia wakikubali wanaenda nyumbani. Hakimu anatakiwa amweleze shtaka kwa lugha nyepesi na tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, ila kumwandaa mtoto ni kazi yako wewe, kabla hajaitwa.

Kuhusu dhamana. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mkuu wa kituo amwachie mtoto kwa dhamana kama hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa pale, kama kosa la mauaji au lenye adhabu inayozidi miaka saba. Wakili akifika kituoni mapema na kifungu mkononi mambo yanabadilika, tumeona. Ila nenda na mtu pia. Watoto wengi wa mjini hapa wanaishi na bibi au shangazi, mzazi yuko Mtwara au hajulikani alipo, kwahiyo siku hiyo hiyo mtume ndugu akachukue barua ya serikali ya mtaa na aje na kitambulisho cha NIDA.

Sasa la mapenzi ya watoto wenyewe kwa wenyewe. Hizi zinatuumiza. Mvulana wa 16, msichana wa 15, shule moja, wazazi wa msichana wamegundua, shtaka ni ubakaji maana chini ya 18 ridhaa haihesabiki, na kama kuna ujauzito linaongezwa la kumpa mimba mwanafunzi. Mawakili wanaingia wakidhani hapa hakuna utetezi kwahiyo wanakaa kimya. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 131 chenyewe kimemtofautisha mvulana wa miaka 18 kushuka chini, kosa la kwanza adhabu iliyotajwa ni viboko, haiendi kwenye miaka 30 ya mtu mzima, na mimi binafsi viboko sivikubali kwa mtoto. Hapo ndo ripoti ya afisa ustawi wa jamii inapotakiwa kufanya kazi, ieleze nyumbani kukoje, shule inasemaje, mtoto akiachiwa kwa masharti nani atamsimamia. Usiisubiri mahakamani, mfuate afisa ustawi wa wilaya husika mapema, wako wachache na wana mafaili mengi, mpigie, mkumbushe, mpe namba za bibi na za mwalimu. Na hata mtoto akipatikana na hatia tukumbuke shule ya maadilisho tuliyonayo ni ile ya Irambo kule Mbeya, mtoto wa Mbagala akipelekwa huko ndugu watamuona mara ngapi kwa mwaka? Lisemeni hilo kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu, linasikika.

Ambacho hakijaniridhisha ni zamu za kwenda kituoni na mahakamani kuwatetea hawa watoto. Semina zinajaa, cheti kila mtu anataka, ila zamu ya Kisutu wanaonekana watu wale wale na nawashukuru sana wanajijua. Kigamboni na Ubungo hatuna mtu wa uhakika kabisa, mtoto akikamatwa ng'ambo huko tunaanza kutafutana kwenye grupu la WhatsApp mpaka saa tano usiku wakati maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi, yanaandikwa muda huo huo. Mafunzo bila mtu wa kwenda kituoni hayajamsaidia mtoto yeyote. Najua hizi kesi hazilipi na wengine mna watoto wa kusomesha na kodi za ofisi, kwahiyo kamati imekubali nauli na chakula cha wa zamu kitoke kwenye mfuko wa chama, mhazini atawaeleza kiasi.

Mwaka unaokuja tunataka semina tatu. Moja ya mtoto aliyeshtakiwa pamoja na watu wazima, moja ya anayefikisha 18 kesi ikiwa katikati, na moja ya maelezo ya onyo, jinsi ya kuyapinga pale yalipochukuliwa bila mzazi wala ustawi kuwepo. Hii ya tatu tunataka tukae meza moja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na waendesha mashtaka, watuambie na wao wanakwama wapi.

Wanaotaka kuingia kwenye zamu mwandikieni katibu kabla ya mkutano mkuu, mtaje wilaya mnayoishi na kama mnaweza kutoka usiku. Kwa Kigamboni na Ubungo tunahitaji wawili wawili kwa kuanzia.