Risala kwa mgeni rasmi, mahafali ya darasa la saba

Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu wenzangu, na nyie wazazi mlioacha korosho chini ya mikorosho mkaja kutusikiliza, Ntwara kuchele! Karibu Newala mheshimiwa, huku ni juu, kibaridi kikikupiga usishangae.

Habari za madawati na matundu ya vyoo zipo kwenye karatasi tutakayokukabidhi, wewe unazijua hata tusipozisoma. Leo tunaomba tuongee kuhusu watoto na hasira zao.

Mwaka jana darasa la nne tulikuwa na mtoto, jina tunaliacha, kila wiki anapigana. Tukamchapa, akapigana tena, tukaita mzazi, akaja bibi yake na ndo tukajua kumbe baba na mama wamehamia shambani tangu palizi, mtoto anaamka saa kumi usiku kufuata maji, anafika shule hajala, kachoka, mwenzie akimtania kidogo tu ngumi. Miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza, na mimi ninayesoma risala hii nilikuwa mmoja wa waliomchapa.

Basi mwalimu wa malezi akaanzisha kitu kidogo, dakika kumi kabla ya kipindi cha kwanza watoto wanasema wameamkaje. Wiki ya kwanza wote "nzuri mwalimu", hata yule anayelia. Tukagundua maneno yenyewe hawana, wanajua nimefurahi na nimekasirika basi, ikabidi tufundishe kinyongo, wivu, upweke, kusononeka, kama tunavyofundisha jedwali la kuzidisha. Siku moja binti mmoja akasimama akasema mimi sina hasira na fulani, nina kinyongo, alinicheka nilipokosea kusoma. Fulani akaomba radhi palepale, sisi walimu tukabaki tunaangaliana.

Kuna wazazi walisema tunawadekeza. Jamani, sisi watu wa Kusini tangu lini tumeacha tabia ya mtoto ijifundishe yenyewe, jando na unyago vya nini sasa? Hata Marekani wameshapima, mwaka 2011 watafiti walikusanya matokeo ya programu 213 za namna hii, wanafunzi zaidi ya 270,000, wakaona waliofundishwa tabia zao zilikuwa nzuri zaidi na hata masomoni waliwapita wenzao. Kwetu bado mapema, hatutakudanganya kwamba ngumi zimeisha, wiki iliyopita tu tumeamua ugomvi wa mpira wa makaratasi. Ila yule mtoto wa mwaka jana siku hizi akizidiwa anaomba ruhusa atoke nje kidogo, halafu anarudi.

Shida yetu ni sehemu ya kuongelea. Mwalimu wa malezi anakaa na mtoto chini ya mkorosho nyuma ya jiko, darasa la kwanza wanachungulia, mtoto ana jambo zito la nyumbani anaishia kusema tumbo linauma. Tunaomba mabati ya chumba kimoja mheshimiwa, kimoja tu. Wazazi wameshafyatua tofali, zipo pale nyuma ya ofisi zimefunikwa na makuti, ukimaliza kula tutakupeleka ukazione.