Kuhusu ile picha ya Gwalior

Shoga yangu,

Hujambo, na watoto? Mimi homa imeisha, kifua tu bado kinasumbua. Wiki nzima nimelala ndani kazi yangu ilikuwa kuitazama ile picha ya kuchorwa ya ngome ya Gwalior, kule India, uliyonitumia, ukaniuliza uiprinti uitundike sebuleni au vipi.

Nzuri, wala sibishi. Huyu mchoraji wake, Mwingereza William Hodges, jua alilijua jamani, mtu alishazunguka Pasifiki na yule baharia Kapteni Cook kuanzia 1772 mpaka 1775 akichora mabarafu na visiwa, ndo 1780 akaja India. Ule mwamba wake mrefu umelala tu, ukuta juu, mbingu kubwa, watu chini wadogo kama sisimizi. Ukiangalia sana hata usingizi unakuja.

Sasa mimi ule utulivu ndo unanikaba. Hodges alifika pale 1783, na miaka 3 tu nyuma, usiku wa tarehe 3 Agosti 1780, Meja Popham wa Kampuni ya India Mashariki, ile ya biashara ya Waingereza iliyokuwa na jeshi lake, alipeleka watu wake na ngazi za mbao, miguuni wamevalishwa viatu vya kitambaa cha sufu vilivyoshindiliwa pamba, wakaparamia mwamba huohuo gizani, juu wakarushiana kamba, kulipokucha ngome imeshatoka mikononi mwa Wamaratha, watawala wa Kihindi walioishika wakati huo. Na wengi waliopanda walikuwa Wahindi wenyewe, masipai, yaani askari wa Kihindi wa Kampuni, hilo nalifikiria mpaka usiku. Halafu aliyekuwa anamlipa Hodges mshahara ni nani, si Warren Hastings, gavana mkuu wa Kampuni hiyohiyo! Kwa hiyo shoga hiyo siyo mandhari tu, bosi anaonyeshwa mali yake, tena imenyamaza kimya kama vile haijawahi kuwa na mwenyewe.

Na mwenyewe alikuwepo. Mule ndani kuna kasri la Raja Man Singh Tomar, alitawala 1486 mpaka 1516, kuta zake za nje zina vigae vya rangi, bluu ile iliyokolea, na njano na kijani, kuna msururu wa bata wa njano wanafuatana, kuna tembo, halafu kuna migomba! Migomba kabisa, na majani yake, kama ile ya uani kwa bibi. Nilipoiona nilikaa kitako. Mtu alikaa akachoma kigae kimoja kimoja mpaka mgomba ukasimama ukutani, na Hodges kwa umbali aliosimama yote hayo yamekuwa mstari wa kahawia juu ya mlima.

We itundike tu, usiache kwa sababu yangu. Ila nakutumia na picha ya vile vigae, kaiprinti saizi ileile, uziweke pamoja, wale bata wawe usawa wa macho ya watoto.

Wasalimie wote, na mama mwambie dawa ya kifua nimeipata.

Wako,
shoga yako