Barua kwa Mwanangu: Nikisha, Nikisha

Mwanangu mpendwa,

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu ningeituma kwenye simu ungeipitisha kidole ukaendelea na mengine. Utakapoiona utakuwa umeshafika. Ya safari tumeyaongea, na ya kazi mpya unayajua kuliko mimi, siyarudii. Ninalo moja tu. Mama yako anasema nimelisema mpaka limechakaa, lakini nitalisema.

Ni hilo neno lako, "nikisha". Wiki nzima nimekuwa nikikuhesabia. Nikishafika nitapumzika. Nikishazoea nitapiga simu kila siku. Nikishathibitishwa kazini ndipo nitaanza kuishi. Jana jioni tumekaa nje sote, hakuna mwenye haraka, hata mdogo wako anacheka, nawe uko kichwani unapanga masanduku. Nilikuuliza swali ukanijibu "ndiyo". Nilikuwa nimekuuliza uchague kati ya vitu viwili.

Najua umeyatoa wapi. "Kuanza kuishi" si maneno yako, mama, ni yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikwambia umalize mtihani kwanza ndipo ucheze, na ulipomaliza nilikuwa na mwingine tayari. Haya, ulisoma, na leo natembea kifua mbele kwa ajili yako, kwa hiyo sijutii yote. Ile siku uliyopanda jukwaani shuleni unaikumbuka vizuri. Mimi nilikaa mstari wa mbele, na kila mtu aliniona. Ila ukiniuliza ulivaa nguo ya rangi gani, sijui. Nilikuwa napiga hesabu za ada ya muhula uliofuata. Ada ililipwa.

Wahenga wametufundisha kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii nimeitumia maisha yangu yote, na juzi tu ndipo nilipoona kwamba inaruka kitu hapo katikati. Yaliyopita tumeyasamehe, yajayo tunayaganga, na ya leo je? Labda wao waliona ya leo hayahitaji mganga, yanahitaji tu mtu awepo.

Nawe ni mtu wa namba, neno la baba peke yake halikutoshi, basi nimekutafutia. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa utafiti uliohusu watu wazima 2,250. Simu ilikuwa inamlilia mtu saa yoyote na kumwuliza anafanya nini, anawaza nini, anajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mwenyewe alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa, si lile lililokuwa mikononi mwake. Na akili ilipotangatanga hivyo, furaha ilipungua. Kilichonikamata ni hiki: hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuwazidi waliokuwa wametulia kwenye walichokuwa wakikifanya. Kwa hiyo hata hiyo kesho yako nzuri, unayoipamba kila usiku, haikuongezei kitu leo. Habari hiyo niliisoma mara tatu. Mara mbili nilikuwa nawaza bomba la bafuni.

Sikwambii usipange. Asiyepanga huwa mzigo kwa wenzake, na wewe sikukulea uwe mzigo. Panga, andika kwenye daftari, kisha ulifunge. Hapo pa kulifunga ndipo panapokushinda. Umesema unakwenda kutafuta uhuru wako, nami sikubisha, lakini mtu anaweza kuwa na ufunguo wa kila mlango na bado akawa mfungwa wa Jumatatu ijayo. Nakutakia uweze kunawa uso asubuhi ukayasikia maji. Unacheka, najua.

Daktari wangu wa presha ndiye aliyenianzishia mambo haya. Alinieleza habari za mafunzo ya wiki 8 ya kuituliza akili kwenye jambo la sasa, yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na miongoni mwa waliopelekwa kwake mwanzoni ni wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Zoezi lao moja ni kula punje moja ya zabibu kavu: unaitazama, unainusa, unaitafuna polepole kama hujawahi kuiona. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikajaribu kwa siri. Ya kwanza niliimeza kabla sijakumbuka kuitazama.

Nimebaki na dogo tu, nalo ndilo nakupa. Ukiona kichwa kimekimbia, usikigombeze. Sikiliza nyayo zako sakafuni, shusha pumzi taratibu, kirudishe. Kitakimbia tena. Kirudishe tena. Na siku upweke utakapokubana, lia ya siku hiyo, usianze kulilia na ya mwaka ujao. Wala usiniambie utapiga simu ukishatulia. Piga ukiwa hujatulia, tena hasa hapo.

Ya nyumbani: bomba bado linavuja na fundi ameahidi kuja, kama kawaida yake. Mdogo wako ameshapima chumba chako kwa rula, anasema kitanda chake kitaingia. Nimemkatalia mpaka mwezi uishe, ingawa simwoni akingoja. Ufunguo wa kabati lako hauonekani. Kama umeondoka nao usihangaike, mlango wenyewe haufungi vizuri tangu uliposema utautengeneza ukishapata nafasi. Koti lako la mvua liko nyuma ya mlango. Sijui kama umelisahau au umelikataa, nitalitia kwenye begi kimyakimya. Goti langu ni lile lile.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini naona mwanga chini ya mlango wako. Saa hizi, na safari alfajiri! Huenda unahesabu tena masanduku. Naiacha kalamu hapa, nakuja kugonga.

Baba yako