Tume ya wenye vitalu vya miche iundwe, na gharama tuibebe wenyewe

Mhariri,

Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ya Uganda, iliyoanza kazi mwaka 1991 na kujiendesha kwa tozo ya asilimia 1 ya kahawa inayouzwa nje, ilirudishwa ndani ya Wizara ya Kilimo mwishoni mwa 2024. Mengi yamesemwa kuhusu wanunuzi na bei. Kuhusu vitalu vya miche yamesemwa machache sana, na huko ndiko kahawa inakoanzia. Naomba Bunge liunde tume ya vitalu vya miche, ya kahawa na ya matunda, itakayolipiwa na sisi wenye vitalu bila kuigusa hazina.

Asiyeijua kazi hii huona mche ni mche. Hebu tutazame kahawa aina ya Robusta inayozalishwa kwa vipandikizi. Kipandikizi hukatwa kwenye chipukizi la wima linaloota shinani, likiwa bado kijani lakini limeshakaza. Kila kipande kina fundo moja, kimekatwa mshazari chini ya fundo, na majani yamepunguzwa ili yasipoteze maji. Huchomekwa kwenye kiriba, yaani kifuko cha nailoni kilichojazwa udongo, chini ya kivuli, kisha tuta lote hufunikwa kwa nailoni angavu iliyozibwa kingo zake kwa udongo, unyevu usitoke. Mizizi huchukua kama miezi miwili. Baada ya hapo nailoni hufunuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiifunua yote siku moja, jua hubabua tuta zima. Mche huwa tayari kwenda shamba baada ya miezi 6 hadi 9.

Sasa kata kipande hichohicho kwenye tawi la pembeni, lile linalozaa. Kitaota mizizi. Kitatoa majani mazuri. Mnunuzi anayesimamisha boda boda kando ya barabara pale Mukono hatakitofautisha na kingine. Kikishapandwa shambani hakisimami kamwe: kinatanuka chini kama kichaka, kwa sababu tawi la pembeni la kahawa hubaki tawi la pembeni hata likipewa mizizi yake. Mkulima hugundua akiwa ameshapoteza mwaka mzima, na stakabadhi hana.

Kosa la pili halionekani kabisa kitaluni. Robusta haijichavushi, na miti iliyotokana na mti mama mmoja haichavushani, kwani yote ni kama mti uleule. Ndiyo maana aina za KR, kuanzia KR1 hadi KR10, yaani Robusta za Kituza, zilizotoka katika kituo cha utafiti wa kahawa cha huko, hupandwa kwa kuchanganywa. Kitalu chenye bustani mama, yaani miti inayokatwa vipandikizi, ya aina moja tu kinamuuzia mkulima shamba litakalochanua vizuri na kuzaa kwa taabu. Wapo pia wanaookota mbegu chini ya mti wa KR, wanaziotesha na kuiita miche hiyo KR. Mche wa mbegu huchukua nusu ya urithi wake kwa mti mwingine, hivyo hakuna anayeweza kuahidi kwamba utahimili mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaokausha mti wa kahawa hadi kuuua.

Na mnyauko si jambo la kuchezea. Ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, ukasambaa karibu maeneo yote ya Robusta. Ukungu wake hukaa udongoni na kuingia mtini kupitia jeraha, iwe la jembe au la panga. Hauna dawa, mti hung'olewa na kuchomwa palepale uliposimama. Anayejaza viriba kwa udongo wa shamba lililokufa kahawa anaweza kuupeleka ugonjwa wilaya nyingine ndani ya gari moja la miche.

Yote haya mkaguzi anayejua anachokitafuta huyaona mapema. Mkaguzi ana mshahara, mafuta ya pikipiki na posho ya safari, na hizo ndizo fedha ambazo wenye vitalu tunapaswa kukubali kuzitoa.

Napendekeza shilingi 10 kwa mche. Mche ukiuzwa shilingi 1,000, hiyo ni asilimia 1. Kitalu cha miche 50,000 kitatoa shilingi 500,000 kwa msimu, na vitalu 100 vya ukubwa huo milioni 50. Wapo wanaotaka tozo ikatwe kwenye viriba kiwandani, kwa kuwa viwanda ni vichache na kukusanya ni rahisi. Mimi sikubali. Kiriba hulipiwa hata mche ukifa, na anayejifunza kazi ndiye anayeua miche mingi. Tozo ilipwe kwa mche uliouzwa, kwa kitabu cha stakabadhi chenye namba za tume, kinachotaja aina, tuta na bustani mama ilikotoka. Parachichi na maembe ya kubebesha yafungwe lebo kila mche, kwa sababu hununuliwa mmoja mmoja. Anayeuza chini ya miche 5,000 kwa mwaka asajiliwe na akaguliwe bure. Marekani wakulima wa miti ya Krismasi huchangia bodi yao senti 15 kwa kila mti unaouzwa, na asiyezidisha miti 500 kwa mwaka hatozwi.

Jambo ambalo wapangaji husahau ni fidia. Mkaguzi akiamuru tuta la miche 20,000 lichomwe na mwenyewe asipate kitu, msimu ujao jirani yake hatamwita mkaguzi. Miche yenye ugonjwa itauzwa usiku, kwa bei ya kutupa, tena mbali. Sehemu ya tozo itengwe kumlipa angalau gharama za viriba, udongo na vibarua yule aliyetoa taarifa mwenyewe. Aliyekutwa akificha asilipwe. Bila kifungu hiki tume itakuwa polisi tu, na polisi hawatoshi kwa vitalu vilivyotawanyika kila kijiji.

Najua pingamizi litakalokuja: serikali inapunguza mamlaka na mashirika, kwa nini tuongeze tume? Upunguzaji ule ulilenga kuokoa fedha za serikali, na hii haiombi hata moja. Hofu yangu mimi iko kwingine. Tozo ikishakusanywa inaweza kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina, isirudi tena kwenye tuta. Ibara ya 153 ya Katiba inaliruhusu Bunge kuelekeza mapato kwenye mfuko uliowekwa kwa kazi maalumu. Kifungu hicho kiandikwe waziwazi katika sheria ya tume, pamoja na kingine kinachozuia mishahara ya ofisini na vikao kuzidi robo ya makusanyo.

Wajumbe wachaguliwe na wenye vitalu wa Kati, Mashariki, Magharibi na Kaskazini. Wakulima wanaonunua miche wapewe viti viwili, watafiti kimoja. Kura ya kuianzisha ihesabiwe mara mbili, kwa idadi ya vitalu na kwa idadi ya miche, na ipite kote kuwili. Vinginevyo wakubwa watawaburuta wadogo, au wadogo watawatwisha wakubwa mzigo wote. Baada ya miaka mitano ipigwe kura nyingine. Ikishindwa, tume ifungwe.

Wizara inaweza kuanza na daftari la vitalu hata kabla ya sheria, maana bila daftari hakuna wapiga kura. Iangalie na kalenda. Miche itakayopandwa kwa mvua za Machi hukatwa kati ya Juni na Septemba ya mwaka unaotangulia. Mkaguzi akifika Februari hukuta majani ya kijani tu, na hawezi tena kujua kipande kilikatwa kwenye chipukizi la wima au kwenye tawi. Anatakiwa awe bustani mama mwezi Juni, wakati kisu kinafanya kazi.

Mwenye kitalu,
Mukono